Kilichonileta Kalemie

Kalemie, tarehe 6 mwezi wa sita, 2024

Mdogo wangu Florentine,

Leo naanza kinyume. Nimekuficha jambo, na nikitanguliza salamu nitajificha ndani yake kama kawaida yangu. Jambo lenyewe ni hili: sijalazwa hospitali. Sijaingia hospitali hata mara moja tangu nifike Kalemie. Siku niliyoshuka kwenye treni nilitembea hadi kwenye lango lake, nikaona wagonjwa wameegemea ukuta na ndugu zao wakipika nje, nikapita. Niliendelea kuteremka mpaka ziwani, na huku ndiko niliko.

Sasa salamu. Nakusalimu wewe, namsalimu mjukuu wako Gracia, nawasalimu mama wa kwaya wanaoketi barazani kwetu kila Jumapili. Je, muhogo umekauka? Paa la jikoni nililoliacha wazi, Firmin amelifunga? Mwambie mtoto huyo wa marehemu kaka yetu kwamba nashukuru alivyonibebea mzigo mpaka kwenye boti. Sikupigi simu, na sababu unazijua: masikio yangu yamekwisha, mtu lazima aniinamie ndipo nimsikie, na simu yenyewe ni ya Firmin, kila neno lazima lipite kwake kwanza. Barua hii anaileta Mama Rosine, yule muuza ndagala, wale samaki wadogo wakavu, aiweke mkononi mwako na si mkononi mwa mtu mwingine.

Ninakaa kwa Mama Syntiche, mjane mwenye vyumba vinne vya wageni karibu na ufuo. Vilikuwa sita. Ziwa lilipopanda lilichukua viwili, pamoja na choo. Anasema lilichagua vile vyenye madirisha mazuri.

Asubuhi naamka nikipenda. Fikiria, mimi niliyepiga kengele ya shule pale Ankoro mpaka nikazeeka, naamka nikipenda. Nakunywa chai, navaa mgongoni ule mfuko wa shule wa Gracia, natoka. Siku nyingine nakwenda bandarini kutazama wapakuzi wakishusha saruji ya Kabimba, wote weupe hadi kwenye kope. Siku nyingine nafika daraja la Lukuga, pale maji yanapotoka ziwani kwenda kutafuta mto wetu. Nimesimama pale mara nyingi nikifikiri kwamba yanakuja kwenu, halafu nakumbuka jiografia: yanaingia Lualaba chini zaidi, hayapiti Ankoro. Jioni nalala kwenye mchanga, mfuko chini ya kichwa. Mawimbi yanapiga mbele yangu bila sauti yoyote.

Mfuko unachekesha watu. Juzi kijana wa pikipiki alisimama, akaniinamia.

"Papa Turisti! Mfuko huo umebeba nini, dola?"

"Suruali moja na sabuni."

"Na kazi yako hapa Kalemie?"

"Kutazama."

"Basi wewe njo turisti wa kweli! Wale wazungu wenye mifuko wanajibu vilevile."

Nilicheka, mwalimu ndani yangu akasahihisha "njo" yake kuwa "ndiye", kisha nikamkumbuka yule kijana mgeni aliyefika Ankoro kwa mtumbwi, miaka ile, tukamlaza darasani. Nilimuuliza amefuata nini kwetu, akasema hakufuata kitu, anapita tu. Nilimfanyia mzaha mbele ya wanafunzi. Lakini alipoondoka peke yake, mfuko mgongoni, bila mtu wa kumuuliza amekula nini wala atarudi lini, nilimwonea wivu, na wivu huo haukuisha.

Utauliza kwa nini nimefanya hivi. Nitakujibu, ila si leo. Watu wa nyumbani waambie naendelea na matibabu. Najua ninakuomba useme uongo.

Kaka yako,
Hénoc Mwamba


Ankoro, tarehe 29 mwezi wa sita, 2024

Yaya Hénoc,

Nakusalimu, kaka yangu mukubwa, kwa jina la Bwana. Huku tunaamka. Gracia amepita mwaka wake wa shule, njo furaha tuliyo nayo. Muhogo umekauka. Paa la jikoni Firmin hakulifunga, nilipanda mimi mwenyewe nikaweka bati na jiwe juu yake. Usiseme kitu, nilishuka vizuri.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nimesimama, mara ya pili nimekaa chini. Yaya, kila Jumapili kwaya inasimama inaombea kitanda cha hospitali ambacho hakina muntu. Mimi njo niliwaomba wafanye hivyo. Sasa nasimama nao naimba, na ninajua kitanda kiko tupu.

Umesema niseme uongo. Nimeusema. Lakini muntu akisema mumoja kesho wanamuuliza wa pili. "Daktari amesema nini? Wamempasua? Nani anamupikia huko?" Nitajibu nini? Nasema, "Yaya anaendelea." Wananitazama.

Iko jambo lingine, na sikutaka kuliandika. Tangu uende, watu wamebadilika. Mama wa kwaya hawakai tena kwenye baraza yetu, wanapita na kusalimia kutoka njiani. Nikipeleka sombe ya majani ya muhogo kwa jirani, sahani inarudi imefunikwa vilevile nilivyoifunika. Wiki iliyopita muke wa Firmin alimunyang'anya mutoto wake kikombe cha uji niliompa, akaumwaga mbele yangu.

Nikamuuliza, "Uji uko na nini?"

Akasema, "Mama, usinilazimishe kusema."

Unajua wanachowaza. Bwana yangu alikufa mimi nikimupikia. Thérèse muke wako alikufa, na mimi njo nilikuwa nimekuja kumusaidia kupika. Nikabaki nikakupikia wewe, sasa wewe unaumwa. Wanahesabu chungu changu.

Rudi, Yaya. Wakikuona unakula kwangu, maneno yatakwisha. Kama mwili hauwezi safari, basi andika kwa nini uliondoka, nipate la kuwajibu. Lakini andika la kweli.

Mimi mdogo wako,
Florentine


Kalemie, tarehe 21 mwezi wa saba, 2024

Mdogo wangu Florentine,

Barua yako imenifikia ikiwa na harufu ya ndagala, maana Mama Rosine aliiweka kati ya magunia yake, na treni ilikaa porini siku kadhaa ikingoja kichwa kingine. Nimefurahi sana kwa ajili ya Gracia. Mwambie asiache hesabu. Wasichana wengi wanaziacha mwaka huu unaofuata. Na wewe, tafadhali, usipande tena juu ya paa. Nakusalimu, nawasalimu wote wanaouliza habari zangu.

Mimi ni yule yule. Suruali naifunga kwa kamba sasa. Tumbo linajaa, miguu inakonda. Lakini naenda taratibu na siku zinakwenda taratibu pia. Huu ni wakati wa upepo: asubuhi ziwa linachafuka, boti za kwenda Moba zinabaki zimefungwa, na abiria wanalala juu ya mizigo yao. Nimezoeana na baadhi yao. Wanaponiuliza nangoja boti ipi, nawaambia singoji yoyote, nao wananisogezea nafasi kwenye turubai. Mchana nakwenda kuketi kwenye kituo cha treni, hata siku ambayo treni haiji. Kuna kivuli kizuri.

Mama Syntiche ni mtu wa maneno. Juzi aliniletea sahani akaketi mbele yangu.

"Papa Hénoc, muntu akikaa kwangu hivi bila kazi, ni mambo matatu: ao polisi wanamutafuta, ao kuna mwanamuke, ao anakimbia deni. Wewe uko na lipi?"

"Mimi ni mwalimu mstaafu."

"Ah, basi ni deni."

Anapika vizuri samaki mikebuka wa kukaanga, na kuhe wa mchuzi akipatikana. Kuhe ni samaki mkubwa mwenye nyama nyeupe isiyo na miiba midogo, mgonjwa anaweza kumla gizani. Huwa namaliza sahani. Ankoro hatuna samaki wa namna hii. Wetu wa mtoni wana ladha ya matope kidogo, ingawa wewe ulikuwa ukiwakausha vizuri juu ya moshi. Mikebuka unawaona asubuhi wakiletwa na mitumbwi iliyovua kwa taa, wanang'aa kama vijiko. Wanawake wanawagombea hadi majini, vitenge vimelowa hadi kifuani, na mimi nasimama pembeni na mfuko wangu sigombei chochote.

Jumapili ndiyo siku mbaya. Watu wote wako na watu wao. Nimekwenda kanisani mara moja, lakini sisikii mahubiri, nikabaki kutazama vinywa. Nikarudi ufuoni. Nilikaa hapo mpaka nikaona baridi, na hakuna mtu aliyekuja kusema jua limezama, ingia ndani.

Kuhusu maneno ya watu, usiyasikilize. Ni ujinga. Nimefundisha sayansi katika mji huo maisha yangu yote, nusu ya hao wanaosema walikaa mbele ya ubao wangu. Yatapita.

Kaka yako,
Hénoc


Ankoro, tarehe 18 mwezi wa nane, 2024

Yaya,

Salamu. Tuko wazima wa mwili. Gracia anakusalimu, anasema mufuko wake utamurudishia shule zikifunguliwa, nimemwambia atafute mwingine.

Umeniandikia samaki ukurasa muzima. Nimewasoma wote, kutoka kichwa mupaka mukia. Lile nililokuuliza ulilijibu kwa mistari mine, na jibu lake ni kwamba ni ujinga. Hata mimi najua ni ujinga. Ujinga njo unamwaga uji wangu.

Na iko neno moja limeniuma, nitalisema kwa sababu sisi ni watoto wa mama mumoja. Unamaliza sahani ya Mama Syntiche. Kwangu ulikuwa unarudisha. Mwezi ule wa mwisho ulikuwa unakula matonge mawili ya bukari, unasema umeshiba, na mimi nilikuwa naamini ni tumbo. Nilikuwa naamka mapema nakusagia muhogo mulaini. Sasa nasikia tumbo linakubali kuhe muzima. Sitaki jibu la hilo. Nimelisema tu.

Jambo lenyewe ni hili. Firmin alikuja na wazee wawili wa ukoo. Hawakukaa, hawakunywa maji. Firmin akasema, "Mama Florentine, mambo yako yalionekana kwenye maombi. Jina lako lilitoka."

Nikamuuliza, "Lilitoka kinywani mwa nani? Jina halina miguu."

Akatazama chini. Akasema, "Lilitoka tu."

Nimekaa nikafikiri. Ni ile Ijumaa mbele ya safari yako, Firmin alipokupeleka kwa yule Pasta wa chumba cha maombi nyuma ya soko. Mulikuwa watatu ndani: wewe, Firmin na Pasta. Ulirudi hukusema na mimi, ukalala umegeukia ukuta. Nilifikiri wamekuchosha na kelele zao.

Yaya, niambie. Ni nani alitaja jina langu? Kama ni Firmin, nitajua namna ya kuongea naye, nilimubeba mgongoni huyo. Kama ni Pasta, nitakwenda kusimama mbele ya watu wake, aniambie machoni. Mimi sina woga. Lakini siwezi kupigana na muntu asiyekuwa na uso.

Unamukumbuka Mama Jeannette wa ng'ambo ya muto? Wakwe walimutoa nyumbani kwa maneno kama haya. Sasa analala sokoni chini ya meza, na watoto wanamutupia mawe. Yeye pia alikuwa anaimba kwaya.

Nijibu haraka.

Florentine


Kalemie, tarehe 9 mwezi wa tisa, 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo mzito. Mwambie Gracia anisamehe kuhusu mfuko. Huku mvua ya kwanza imenyesha, ndogo, ya kutuliza vumbi tu.

Utafurahi kusikia kwamba nimeingia hospitali. Mama Syntiche alinikuta nimeanguka mlangoni, akaita pikipiki mbili, moja yangu na moja yake, akanipeleka huku akinigombeza njia nzima. Nashukuru nilisikia kidogo tu. Daktari ni kijana, Samy jina lake, mpole. Amenipaka dawa baridi tumboni, akatazama picha kwenye mashine yake. Ni ini. Uvimbe umelijaa, na hauondoki. Nimemwomba anirudishe ufuoni, amekubali.

Sasa nitakujibu kwa nini niliondoka. Nilijua nitakufa. Nilijua pia kwamba nikifia kitandani nyumbani, nikiwa nimetoka kula chakula chako, watakuonyesha kidole kabla hata ya kunizika. Nikawaza: nikifa mbali, kwa mikono ya watu wengine, baada ya kula miezi mingi kwa mgeni, watasema nini? Hawatakuwa na la kusema. Ndiyo maana nilichukua mfuko nikaja huku peke yangu. Nilikuja ili nikulinde. Unaweza kuwaambia hivyo, Firmin na wazee, kwa maneno haya haya.

Kuhusu Ijumaa ile, sikumbuki vizuri. Nilikuwa na homa, na unajua masikio yangu. Kulikuwa na kelele nyingi.

Ulinde mwili wako. Usijibizane na mtu yeyote njiani.

Kaka yako,
Hénoc


Ankoro, tarehe 5 mwezi wa kumi, 2024

Yaya Hénoc,

Nimelia kwa ajili ya ini lako. Nimelia kweli, nikiwa jikoni, ili Gracia asione. Pole, Yaya. Pole sana. Mushukuru huyo mama kwa niaba yangu, mwambie kama tungekuwa karibu ningemufulia nguo.

Niliwaambia maneno yako. Niliyasema vilevile: alikwenda mbali ili anilinde. Wazee walimtazama Firmin. Firmin akasema, "Basi hata yeye alijua kuna kitu. Muntu halindi asichokijua." Na wote wakaitikia kwa kichwa.

Maneno yako mazuri njo yamenimaliza.

Mukutano wa ukoo ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Watakaa kwetu, kwenye baraza yetu, wataamua kama nitoke. Muke wa Firmin amekwisha kupima chumba changu kwa macho. Wamesema Gracia anaweza kubaki, mimi tu njo nitoke. Gracia amesema nikitoka anatoka.

Firmin ameapa kwa jina la baba yake kwamba hakunitaja. Mimi namujua mutoto huyo, akiapa kwa baba yake hasemi uongo. Nilikwenda kwa Pasta. Alinipokea muzuri, akanipa kiti, akasema, "Mama, mimi sitaji mtu. Mimi nauliza tu."

Unakumbuka kope za wapakuzi. Unakumbuka samaki wanang'aa kama nini. Unakumbuka muzungu aliyelala darasani miaka ile. Ijumaa moja ya mwezi wa tano hukumbuki.

Usiniandikie ziwa tena. Niambie moja tu: nani?

Florentine


Kalemie, tarehe 22 mwezi wa kumi, 2024

Florentine, mdogo wangu,

Nakusalimu. Namsalimu Gracia. Nawasalimu wazee wa ukoo, nakusalimu na wewe, Firmin, nawasalimu na wake zenu, kwa sababu barua hii naomba isomwe mbele yenu wote Jumamosi hiyo. Nimemwomba Mama Rosine aisome yeye, kwa sauti, asiruke neno. Amekubali kuahirisha soko lake. Ninaandika kidogo kidogo, mistari michache asubuhi na michache jioni, kwa hiyo msishangae mwandiko ukibadilika.

Kwanza, ugonjwa. Nilirudi kwa daktari Samy nikamuuliza kama ambavyo ningemuuliza mwanafunzi: umeanza lini? Akasema kwa ukubwa ule, miaka. Nikamuuliza kama ungeweza kuanza wakati Thérèse bado hai, akasema pengine kabla ya hapo. Alinieleza kwamba chanzo huwa ni homa ya ini ambayo mtu anaipata akiwa kijana, inakaa kimya, halafu inaamka. Mnakumbuka, wazee, mwaka nilipokuwa na macho ya njano tukiwa bado vijana? Florentine hakuwa akinipikia. Alikuwa ameolewa Manono.

Pili, chakula. Tangu mwezi wa tano sijala chakula cha Florentine hata tonge moja. Nimekula cha Mama Syntiche, cha wauza maandazi wa bandarini, cha abiria wa boti nisiowajua majina. Ugonjwa haukupunguza hata hatua. Kama kosa lingekuwa kwenye chungu chake, ningekuwa nimenenepa.

Ninayasema haya mbele yenu kama mwalimu. Yanayofuata ninamwambia dada yangu, nanyi msikilize.

Florentine, nilikuandikia kwamba nilikuja huku ili nikulinde. Si kweli. Nililitunga hilo ufuoni, na nilipolisoma lilinipendeza hata nikakaribia kuliamini. Niliondoka kwa sababu nilikuogopa. Ilianza baada ya kumzika Thérèse. Watu walikuwa wakinong'ona nyuma yako, nami nilikuwa nawakaripia mchana, na jioni nalitazama tonge. Uliona kwamba narudisha sahani. Hukuona yote. Siku nyingi hata yale matonge mawili nilikuwa nayatoa mdomoni nikayafunga kwenye kitambaa, na asubuhi nayatupa mtoni. Wewe ulikuwa unafua kitambaa hicho.

Nilipopita lango la hospitali, ni kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba ugonjwa wangu si wa hospitali. Nilifikiri nikikaa mbali na mkono wako, ugonjwa utaniacha. Mchana nilikuwa mtalii, napumzika, natazama watu. Lakini kila asubuhi nilikuwa nalishika tumbo langu kuona kama limepungua. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nayo Kalemie. Sikumwambia yule kijana wa pikipiki.

Halikupungua. Nikajua si mkono wako, na kwamba ningeweza kurudi, na nikaona haya kurudi. Nimekaa hapa nimezungukwa na watu wema, na hakuna hata mmoja anayejua jinsi ninavyotaka chumvi kwenye uji. Jumatatu Mama Syntiche aliniuliza kama nina dada. Nilimwambia ninaye.

Imebaki Ijumaa ile. Sikuwa na homa. Ninakumbuka mkeka, ulikuwa wa plastiki, mwekundu. Pasta alinipigisha magoti, Firmin amesimama nyuma. Pasta aliweka mkono juu ya kichwa changu, akainama, akasema, "Papa, funga macho. Usifikiri. Sema jina la kwanza linalokuja kinywani." Ndivyo wanavyofanya pale kwa kila mgonjwa, na jina linalotoka wanasema ndilo la mwenye mkono mbaya, anayemroga. Nilijua hivyo kabla sijapiga magoti. Niliwahi kuwaita wazazi shuleni nikawakataza kuwapeleka watoto wao pale, nikawaeleza kwamba mgonjwa akifumbwa macho atamtaja yule aliye karibu naye kuliko wote, mama yake, au yule anayemwita akitaka maji. Niliwaeleza vizuri, wakanielewa.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kutaja mtu aliyekufa. Firmin hakufungua kinywa, mwacheni. Pasta hakuniwekea neno ulimini, na yeye mwacheni. Nilisema, "Florentine." Ningependa ukumbuke nilichowaambia wale wazazi, uniamini kwamba lilitoka kwa sababu hiyo tu, na mara ya kwanza pengine ilikuwa hivyo. Lakini Pasta aliniambia nifungue macho. Aliniuliza tena, "Papa, una hakika? Ni dada yako huyo?" Nilikuwa natazama. Nilikuwa na muda wa kufikiri. Nilisema ndiyo, na nikalitaja tena.